Nyaya za Mwenyekiti

Katika mikutano ya wafuga kulungu wa theluji wa Guovdageaidnu, kijiji cha kaskazini ya mbali, hakuna aliyeidharau baridi kama Heaika. Alikuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na moja, na kila mkutano, kahawa haijamiminwa, angewapa vijana vidonge vyao. Babu yake alilala juu ya theluji kama wengine wanavyolala kitandani. Baba yake alikatwa vidole viwili vya mguu na hakuwahi kuvitaja. "Nyinyi wa leo mnataka nini? Mfugwe ndani kama paka?"

Basi kifurushi kilipofika Januari, kizibao, suruali na glavu zenye nyuzi za umeme za kupasha mwili joto, alikwenda kukichukua mwenyewe akakifunika turubai njia nzima. Miaka sitini na mitatu ilikuwa imemwingia magotini, na aliyejua ni mkewe tu.

Shida ilikuwa moja. Fundi wa pikipiki za theluji pale kijijini alikuwa Ravdna, binti wa mdogo wake, mwanamke mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Kumwomba yeye, Heaika aliona, ni sawa na kupiga mbiu. Akajifungia bandani, akafunga nyaya mbili moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki yake na kuzipitisha chini ya kiti. Karatasi ya maelekezo ilisema zipitie kwenye swichi inayokata umeme ufunguo unapozimwa. Heaika aliitumia kuwashia jiko.

Wiki mbili aliishi kifalme. Juu amevaa koti la manyoya la babu yake. Chini anaokwa taratibu kama mkate. Watu walimwona kwenye upepo hatetemeki, wakatikisa vichwa. Yeye akawaacha watikise.

Alhamisi moja alitoka na Ravdna na jirani yake Ásllat kuwafuata kulungu waliovuka ziwa. Baridi ilikuwa ya kupasua miti. Mchana wakazima injini, wakawasha moto, wakainjika birika. Heaika akabaki juu ya pikipiki yake, kwa kuwa waya wenyewe haukuzidi urefu wa mkono.

"Njoo motoni, mwenyekiti!" Ásllat akamwita.

"Moto ni wa wagonjwa. Nileteeni kahawa hapahapa."

Wakamletea. Akakaa saa nzima, mgongo moto, akiwasimulia habari za babu.

Wakati wa kuondoka akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Nayo ilikuwa pikipiki kubwa ya kisasa, isiyo na kamba ya kuvuta ili iwake.

Ravdna akaja, akafungua boneti, akachungulia. 

"Baba mkubwa, nyaya hizi za nini?"

"Za redio."

"Redio yenyewe iko wapi?"

Ravdna akaushika waya, akaufuata kama mtu anavyofuata kamba mpaka kwenye shingo ya ndama: chini ya kiti, chini ya manyoya ya babu, hadi kiunoni.

"Redio imo ndani ya suruali," akatangaza.

"Inashika stesheni gani, mwenyekiti?" Ásllat akauliza, kisha akaanguka kwenye theluji kwa kicheko.

Heaika alitaka kumjibu lakini meno yalimgongana. Saa nzima alikuwa ametoka jasho, na sasa joto limekatika, jasho lile likaanza kumganda mwilini. Ravdna alipomwona midomo imemgeuka rangi, mzaha ukamtoka. Akamburuta motoni, akamvua, akamvika sweta lake kavu la akiba.

"Injini ikizunguka inazalisha umeme," akasema huku akimsugua mikono. "Ukiizima, unainyonya betri. Saa nzima umenyonya! Ungekuwa peke yako leo, tungekuokota kama gogo. Kwa nini hukuja kwangu?"

"Ili unitangaze?"

"Nimewafungia watu tisa nyaya kama hizi pale kijijini. Nimemtangaza nani?"

Ásllat aliyekuwa bado anacheka akakoma ghafla, akawa anakagua mfuniko wa birika.

"Wote tisa waliniomba kitu kimoja tu," Ravdna akaendelea. "Nisikwambie wewe."

Heaika akamtazama Ásllat. Ásllat akavuta mkono wa koti lake chini kidogo, lakini kipande cha waya mweusi kilikuwa kimekwisha kuonekana.

"Ni mgongo wangu," akanong'ona. "Daktari alisema."

Ravdna akaunganisha betri iliyokufa na ya kwake, pikipiki ikawaka, wakarudi. Heaika alikuwa amechomoa kila kitu, na njia nzima alitetemeka kama watu wengine.

Mwezi Machi ukaja uchaguzi wa mwenyekiti. Habari ilikuwa imeenea hadi kwa waliohamia pwani, na wengi walihesabu kwamba mzee amekwisha. Heaika mwenyewe alikaa nyuma karibu na mlango, kofia magotini. Wakati wa kura ulipofika, akapita bila mpinzani, kwani mwenyekiti ndiye anayejaza fomu zote za serikali, kurasa themanini kila mwaka, na kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Akasimama, machozi yamemlenga, akawashukuru kwa heshima waliyompa.