Smashi ya Nyundo

Tangu mama yake aapishwe kuwa Rais, Kitinda hakushindwa tena na mtu yeyote kwa jambo lolote, na hali hiyo ilimkosesha raha.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba. Enzi hizo mama alikuwa wakili tu, wakiishi ghorofa ya pili, na jirani wa chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio kila Kitinda alipodundisha mpira sebuleni. "Wee mtoto, utatuangushia nyumba!" Siku hizi angeweza kudundisha mpira mpaka ukuta uanguke kweli, na bado angetokea mtu wa kusifia ulivyoanguka vizuri.

Shuleni alikuwa kapteni wa timu ya mpira wa wavu. Hakuna aliyempigia kura. Mwalimu wa michezo alitangaza tu, watu wakapiga makofi, basi. Kitinda aliupenda mchezo ule kwa dhati, lakini mikono yake ilikuwa mizito, na mpira ukimjia kwa kasi alifumba macho. Bahati nzuri haukumjia kwa kasi. Wasichana wa upande wa pili walimletea taratibu, kama mtu anayekupa mtoto mchanga umpakate, kisha wakamshangilia akiupokea. Msidhani hakulijua hilo. Alilijua fika, na alikuwa akirudi nyumbani amenuna, bila kuwa na wa kumlaumu.

Muhula wa pili akaja mgeni, msichana mrefu aliyehamia kutoka shule nyingine. Siku ya kwanza tu ya mazoezi alipiga mpira ukagonga sakafu kwa kishindo mpaka waliokuwa maktaba wakachungulia dirishani. Kabla ya jioni alikuwa ameshabatizwa Nyundo.

Wenzake walimnong'oneza: yule pale ni mtoto wa Rais, umpigie polepole. Nyundo akamtazama Kitinda kutoka juu hadi chini.

"Si ndiye kapteni?" akauliza. "Sasa kapteni apigiwe polepole kwa nini?"

Mpira ukarushwa juu, Nyundo akaruka nao. "Pokea!" akapaza sauti, akaushusha kwa nguvu zake zote. Kitinda akafumba macho. Mpira ukamtandika puani, akaenda chini mzima mzima, akaangukia mkono.

Mlinzi wake, jitu la miraba minne ambalo Kitinda aliliita Anko, alikuwa ameshavuka mstari na kusimama kati yake na wavu, kana kwamba smashi nyingine ingefuata. Mwalimu wa michezo alishika kichwa. Nyundo peke yake ndiye aliyepita chini ya wavu na kuchuchumaa.

"Pole, jamani! Lakini si nimekwambia pokea? Mbona umefumba macho?"

Damu zikimchuruzika puani, mkono ukimuuma vibaya mno, Kitinda akaanza kucheka. Alicheka hadi Anko akadhani amepata mtikisiko wa ubongo. Hakuwa amewahi kuulizwa swali la maana kama lile tangu ahamie Ikulu.

Hospitalini walimfunga plasta ya jasi kwenye kifundo cha mkono na kumwambia pua iko salama. Kesho yake alipoingia darasani, kiti cha Nyundo kilikuwa kitupu. Amesimamishwa, wakamwambia, mpaka suala lake litazamwe.

Kitinda akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu. Nani ameagiza Nyundo asimamishwe?"

"Marahaba, mwanangu." Mkuu alijifuta jasho ingawa feni lilikuwa likizunguka. "Hakuna aliyeagiza. Tumejiongeza tu. Unajua mambo ya wakubwa, mtu husubiri kuambiwa?"

Asubuhi iliyofuata alimwahi mama mezani, akinywa chai huku ameshavaa koti la kazini. Alimsimulia yote. Mama akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mtoto wa watu kafukuzwa kwa ajili yangu, na mimi hata sina habari." Akanyoosha mkono kuchukua simu. "Ngoja nimpigie huyo mkuu wako sasa hivi."

"Usimpigie, Mama."

"Kwa nini?"

"Ukimpigia wewe, atamrudisha kwa woga uleule uliomfukuza. Halafu hakuna atakayenipigia mpira tena maisha yangu yote. Niachie mimi."

Mama alimtazama kama wakili aliyekutana na shahidi asiyemtarajia. Mkono ukaiacha simu.

"Haya, nenda. Lakini jina langu liache hapa hapa nyumbani."

"Na Anko?"

"Huyo hatoki kwako. Ila mwambie asinune, atatisha watu."

Mama yake Nyundo alikuwa na saluni ndogo nyuma ya stendi, yenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Alikuwa katikati ya kumsuka mteja alipomwona Anko akiinama ili aingie mlangoni, na nyuma yake msichana aliyefungwa mkono. Kitana kikamponyoka. Akaanza kushuka magoti.

"Mwanangu, tusamehe, yule mtoto hana adabu, nimeshamgombeza..."

Kitinda akamwahi na kumshika kiwiko kwa mkono wake mzima. "Hapana, mama, tafadhali usinipigie magoti. Shikamoo. Mimi ndiye nimekuja kuomba radhi. Hajakosa kitu."

Mama yule akabaki ameinama nusu, hajui ainuke au ashuke. Mteja, kichwa kimesukwa upande mmoja, akamsaidia: "We, inuka bwana, si umesikia?"

Nyundo akatokea chumba cha nyuma akifuta mikono yenye povu. "Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja uniambie nifanyeje nisifumbe macho."

Nyundo akafikiri kidogo. "Uzoee kupigwa," akasema. "Hakuna njia nyingine." Mama yake akamkata jicho, lakini Anko alishaanza kucheka, na kicheko cha mtu mkubwa kiasi kile kikiingia kwenye chumba kidogo hakimwachi mtu nje. Waliondoka pale Kitinda akiwa amesukwa, mkono wa mama yule ukimvuta nywele bila huruma, sawasawa na wateja wengine.

Jumatatu wasichana wawili walisimama pamoja mbele ya mkuu wa shule.

"Haya ni maagizo kutoka juu?" mkuu akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mwalimu, ni kutoka uwanjani," Kitinda akajibu. "Ule ni mchezo, mimi nilifumba macho, nikaumia. Kama kuna wa kuadhibiwa, tuanze na mimi."

Mkuu akawatazama, akamtazama Anko, ambaye safari hii alikuwa anakagua dari. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nendeni darasani. Na wewe Nyundo, samahani sana, mwanangu. Nitampigia mama yako nimwambie mwenyewe."

Kitinda akaomba pia avuliwe ukapteni. Mwalimu wa michezo alikubali haraka mpaka akaona aibu, na wote wawili wakacheka. Timu ikapiga kura kwa mara ya kwanza, ikamchagua mzuiaji mmoja mpole wa mbele ya wavu ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria.

Plasta ilipotolewa, Kitinda alianza upya, akiwa wa akiba. Katika mechi na shule jirani aliingizwa seti ya mwisho, akapokea mipira miwili safi kabisa, wa tatu ukampita, na wakafungwa. Ndani ya basi Nyundo alimsema njia nzima. "Umesimama kama nguzo ya umeme! Miguu umeazimwa?" Kapteni naye akamsema. Hata dereva akatia neno lake.

Kitinda alikaa katikati yao, jasho likimkauka shingoni, akijitetea kwa kelele kama wote. Moyoni alikuwa akishukuru. Alimshukuru Nyundo, na saluni ile, na mama yake aliyeiacha simu mezani. Kisha Nyundo akampa nusu ya andazi lake, bado akimgombeza, naye akalipokea na kula.