Karatasi ya Kwenye Pipa

Mfagiaji wa shule alikuwa anapiga deki pale pale mlangoni kwa mara ya nne, na sakafu ilishang'aa zamani. Ndani, binti yake wa miaka saba alikuwa anafanya mtihani wa kuchagua watoto wa darasa la wenye vipaji.

Wiki mbili nyuma, mama mtu aliokota karatasi ya mtihani huo, na majibu yake, kwenye pipa la ofisini. Akamkaririsha mtoto majibu yote ishirini mpaka akawa anayatiririsha kama maji. "Na ole wako umwambie mtu!"

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu akatoka na karatasi mkononi, na mfagiaji akaacha kupiga deki.

"Mama, mimi sielewi. Darasani huyu hunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Leo amekosa yote. Ni kama hakuyasoma kabisa maswali."

"Yote?"

"Yote ishirini. Na tulijitahidi, maana karatasi ya kwanza ilikuwa na makosa, tukaitupa, tukatunga nyingine."

Nyuma ya mwalimu, mtoto alikuwa anamtazama mama yake, macho yamemtoka, mdomo kauziba kwa mikono miwili.