Fundi Afumba Macho

Bei ya nyanya ilipoporomoka, nyapara aliwakusanya wachumaji wote ishirini na watano mbele ya stoo.

"Wanunuzi siku hizi wanachagua nyanya kama wanachagua wachumba," alisema. "Nabaki na watu kumi. Leo kila mtu na mstari wake. Nikikuta mbichi tatu kwenye kreti lako, funga virago."

Fundi aliokota kreti lake tupu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa misimu kumi na minne ya kuchuma, shamba hadi shamba, mbali na kwao ambako mvua ziligoma na wajukuu wanne walikula kwa jasho lake. Lakini mtoto wa jicho alishamwingia macho yote mawili. Nyekundu na kijani sasa vilikuwa ukungu mmoja. Tangu msimu uanze, wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyempitia kreti na kutoa mbichi kimyakimya.

"Wifi, leo unga unamwagika," wifi alinong'ona.

"Wangu au wako? Nenda zako, mdomo haujazi kreti."

Akaanza. Alikodoa macho, akaigeuza nyanya kwenye mwanga, akakodoa tena. Akaing'ata kidogo: ngumu, chachu. Hasira zikampanda. Macho haya yamenidanganya vya kutosha, alijiambia, akayafumba.

Mikono ilikuwa inaijua kazi siku zote. Nyanya iliyoiva hulegea kidogo kwenye kidole, na ukiipinda inajitoa yenyewe. Mbichi hung'ang'ania kama mtoto anayeachishwa ziwa. Alichuma hivyo mpaka jua la utosi.

Nyapara alipekua kreti lake, hakukuta mbichi hata moja. La wifi akakuta tano.

"Wewe, virago."

Wifi akageuka kuondoka. Asubuhi nzima shingo yake ilikuwa imegeukia mstari wa Fundi, mikono ikichuma chochote.

Mwenye akili zake angenyamaza, wajukuu wakala. Fundi akasogea mbele.

"Alikuwa ananiangalia mimi, nyapara. Mimi sioni."

"Huoni? Na hizi umechumaje?"

"Fumba macho nikuonyeshe."

Watu wakashika midomo. Nyapara naye aliwahi kuwa mchumaji, na udadisi ukamshinda. Akafumba. Fundi akauongoza mkono wake hadi kwenye mche.

"Usivute. Pinda. Ikikukatalia, iache."

Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikamdondokea kiganjani. Alipofumbua macho ilikuwa nyekundu.

"Kesho utawafundisha nitakaobaki nao," alisema.

"Mimi na wifi ni kreti moja. Ukimtoa yeye, umenitoa na mimi."

Nyapara alipiga teke tuta. "Haya. Wote wawili. Alfajiri."

Wifi akaangua kilio palepale, mbele za watu.

"Futa machozi," Fundi alimwambia. "Mmoja wetu lazima aone njia ya kurudi."