Chipu Tatu na Masikio ya Mjomba Yiadom

Mimi, Barima Amponsem, mwanafunzi wa kidato cha tatu, bingwa wa fizikia na mwanachama wa heshima wa Chama cha Sayansi cha shule yetu ya bweni, nawatangazia watu wote kwamba likizo ya Aprili niliendesha jaribio kubwa la sauti mjini Kumasi. Fizikia nilipata alama thelathini na moja. Chama cha Sayansi kilinifukuza kwa sababu ya chura. Lakini jaribio niliendesha kweli.

Mjomba wangu Yiadom hutengeneza amplifaya pale Asafo. Kwa miaka ishirini na sita hakuna marehemu wa mtaa ule aliyeliliwa kwa spika ambazo hazikupita mikononi mwake. Siku hiyo Mama Frempomaa, kiongozi wa kwaya, alimletea mashine ya kuchanganyia sauti. Chipu yake ya kukuzia sauti, kidude cha miguu minane kinachotosha juu ya ukucha wa kidole gumba, ilikuwa imeungua.

"Tutaweka chipu namba 5532," Mjomba akasema. "Hii 072 ni kali, itawatoboa waumini masikio mabinti wa kwaya wakipandisha sauti juu. 4558 nayo ni nzito, inaimba kama imeshiba."

Dankwa, fundi wa kibanda jirani, akaangua kicheko. "Mzee, usimzungushe mama wa watu. Chipu ni chipu! Zote zinalia sawa."

"Kwa masikio yako, hata mbuzi na tarumbeta vinalia sawa."

Watu wakaanza kukusanyika. Mama Frempomaa akakata shauri: Mjomba ageukie ukuta, asikilize chipu zote tatu, aseme ipi ni ipi. Akishindwa, mashine ingehamia kwa Dankwa, na kazi zote za kwaya zingeifuata.

"Nani atazibadilisha?" Dankwa akauliza.

"Barima," Mjomba akajibu bila kusita. "Mtoto wa shule kubwa. Hawezi kupendelea mtu."

Nikavaa uso wa askofu. Mama Frempomaa akaniandikia mpangilio kwenye karatasi, nikainamia mashine nyuma ya kifuniko cha boksi. Nikachomeka 072 kwenye soketi. Kwaya ikaimba ubeti mmoja kutoka kwenye simu ya mama. Nikazima, nikachomoa 072, nikaipuliza kwa heshima, nikairudisha pale pale, nione masikio yale maarufu yatasema nini. Ubeti ukaimbwa tena. Mara ya tatu nikafanya vilevile.

Mjomba alikuwa amefumba macho, paji limegusa ukuta.

"Barima, hujabadilisha," akasema. "Ni ile ile 072, mara zote tatu."

Kama kuna mtu aliyewahi kusema kweli tupu mjini Kumasi, ni yeye, saa ile.

"Nimebadilisha, Mjomba," nikasema. "Kama karatasi inavyosema."

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. "Mmemsikia?" Dankwa akapiga makofi. "Mwenyewe anakiri zinalia sawa! Mzee, nenda ukazibuliwe masikio!" Mama Frempomaa hakucheka. Aliibeba mashine yake tu, akampita Mjomba bila kumtazama.

Jioni tulikula kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki. Mjomba hakumaliza. "Mwanangu, tuko wawili tu hapa. Ulibadilisha?"

Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuwa binadamu. "Naapa kwa jina la shule yangu," nikasema.

Kuanzia kesho yake Mjomba alianza kuwaambia watu warudie maneno ambayo siku zote alikuwa akiyasikia. Redio ya mteja ilikoroma, akairudisha. "Mpelekee Dankwa. Mimi sisikii tena." Siku ya nne alishusha kibao cha dukani, akamwita Dankwa aje kuchukua vifaa vyote. Nami nilikuwa nacheka bado, ila chooni.

Dankwa alikuja na kijana mmoja wa kusaidia kubeba. Akafungua kopo la chipu, akachungulia ndani. Akaweka mbili kiganjani.

"Mzee, hizi ndizo 5532 na 4558 za siku ile?"

"Ndizo. Sina nyingine."

"Tazama miguu. Imetanuka kama ilivyotoka kiwandani. Huwezi kuichomeka kwenye soketi bila kuibana kwanza. Hizi hazijawahi kuingia popote." Akageuka kunitazama. Hakukuwa na ushindi usoni mwake, nadhani alikuwa anaona aibu. "Kijana wa shule kubwa, ulichomeka nini?"

Mjomba alizichukua, akapitisha kidole kwenye miguu ya chipu, upande mmoja, kisha wa pili. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea.

"072," nikasema. "Mara zote tatu."

"Na nilipokuuliza tukiwa tunakula?"

"Nilikudanganya, Mjomba. Hata ulipokuwa unashusha kibao, nilikuwa najua."