Safu ya Wasafiri

Kanisa letu hapa Bunia lina daftari la maombi, na mwenye daftari ni katibu Zacharie, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Kila ukurasa ameugawa kwa rula safu tatu: wagonjwa, wasafiri, wafiwa. Jumapili, kabla ya mahubiri, anasoma majina, nasi tunaitikia Amina. Mgonjwa akipona au msafiri akifika, anasimama mbele ya watu, anatoa shukrani, na Zacharie anafuta jina lake. Ni utaratibu mzuri kwa watu wanaofika.

Mume wangu Baudouin alikaa katika safu ya wasafiri miezi kumi na minne. Alitoka asubuhi kwa pikipiki kwenda Komanda kununua mafuta ya mawese, akaniambia nimwekee chakula, angerudi jioni. Saa sita mchana simu yake iliita bila kupokewa, kisha haikupatikana tena. Waliopita njia hiyo siku ile walisikia risasi. Pikipiki haikuonekana, mtu hakuonekana, nami nilizunguka ofisi zote mpaka walinzi wakanizoea. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu wako Butembo, na njia ya Butembo inapita hapo hapo Komanda, basi hata kwenda kulia kwa mama yangu sikuthubutu.

Ikanibakia Jumapili. Wiki nzima nilipima maharagwe sokoni nikisubiri Zacharie aseme, "Baudouin, bwana ya mama Musoki," ndiye mimi, na watu mia tatu waseme Amina. Nilijiambia kwamba maadamu anaombewa kama msafiri, basi yuko njiani. Mawazo ya kitoto, najua, lakini ndiyo yaliyonivusha. Watu waliniita mwanamke wa imani. Hawakujua kwamba imani yangu yote ilikuwa imekaa kwenye mstari mmoja wa daftari la mtu mwingine.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, Zacharie alisoma wasafiri wote, akaingia wafiwa, akafunga daftari. Baudouin hakusomwa popote. Nilidhani ameruka mstari kwa bahati mbaya. Baada ya ibada nilimfuata mlangoni.

"Zacharie, jina ya bwana yangu iko wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama Musoki, komite ilikaa. Tulisema mwaka ilipita. Kila mara tukisoma ile jina, batu banakugeukia. Tuliona tunakuumiza bure."

"Kumbe mulimuua na biki," nikasema, nikiitazama kalamu mfukoni mwake.

"Hapana, mama. Hatukukuandika kwa wafiwa. Tulitoa tu jina."

Hiyo "tu" yake ndiyo iliyonichoma. Nilikwenda nyumbani bila kuaga mtu.

Siku tatu baadaye wakaja akina mama wa kanisa, saba, mbele yao mama Adeline, na mikeka kichwani, na kuni, na unga, na sufuria kubwa ya kanisa. Sikuhitaji kuuliza. Mtu akija kwako na mkeka wake na kuni zake, amekuja kwenye matanga. Walikuwa wamekubaliana kwamba jina limeshatoka, basi mjane alie, alale chini siku zake, amalize. Walifanya kwa upendo. Leo siwezi kuwalaumu, ingawa siku ile niliwalaumu vya kutosha.

"Mama Adeline, nani alikufa hapa?"

"Musoki, dada yangu, acha tukae na weye. Mutu hawezi kulia peke yake."

"Miye silii. Murudishe mikeka kwenu."

Wakajitwika vitu vyao, wakaondoka. Kumfukuza aliyekuja kulia nawe ni jambo ambalo kwetu halisahauliki upesi. Kuanzia siku hiyo hata jirani zangu wa sokoni walinisalimu kwa mbali, kwa adabu nyingi, kama mgeni. Kanisani sikwenda Jumapili tano.

Nyumba yangu iko nyuma ya kanisa, nyimbo za korali zinasikika mpaka jikoni. Jumapili ya kwanza nilikaa mezani nikajaribu kumwombea Baudouin mwenyewe. Nilitaja jina lake, nikanyamaza, hakuna wa kuitikia. Nikaitikia mwenyewe, na sauti yangu ikanitia aibu. Jumapili ya tatu sikujaribu tena. Nilimwambia Mungu waziwazi: umeniona nikihangaika, umenyamaza, haya, na mimi nanyamaza. Nilidhani nimemkomoa. Lakini nyumba ikazidi kuwa kimya, kwa maana tangu Baudouin aondoke ni Mungu niliyekuwa nikigombana naye wakati wa kufagia, wakati wa kupika, na sasa hata wa kugombana naye sina. Upweke nilikuwa nimeuzoea. Huu niliuogopa.

Wiki ya sita nilikwenda kwenye maombi ya Jumatano asubuhi, kwa sababu huwa na watu wachache. Walikuwa tisa, mama Adeline akiwemo. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Zacharie alifungua daftari akauliza, kama kawaida yake, "Nani iko na ombi?"

Nikasimama. Njiani nilikuwa nimejipanga kudai jina la Baudouin lirudishwe mahali pake, na maneno makali nilikuwa nayo tayari. Nilipotazama ile kalamu ikisubiri, nikatambua kwamba kwa miezi yote hiyo hakuna aliyeniombea mimi, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu aniombee.

"Muniombee miye," nikasema. "Musoki. Niko peke yangu, na kuomba imenishinda."

Zacharie akainamia daftari. Nikamwona akitafuta pa kuniandika. Mgonjwa si mimi. Msafiri si mimi. Kwa wafiwa hakuthubutu. Kalamu ilikwenda safu moja, ikarudi nyingine, na mama Adeline akakohoa. Mwishowe akaiweka chini, akafunga daftari, akasimama, na wote wakasimama naye. Sijawahi kumwona Zacharie akiomba bila kusoma.

"Mungu," akasema. "Bwana ya Musoki, siye hatujui iko fasi gani. Weye unajua. Lakini Musoki iko hapa, mbele yetu. Siye tulimuacha. Weye usimuache."

Wakasema Amina, wote tisa. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, Amina haitoki. Hakuna aliyekaa. Walisimama wakaningoja, mpaka nami nikaisema.