Tangazo kwa Fisi

"Mzazi wa Kabasa, mzazi wa Kabasa, unasikia? Jumamosi hii, asubuhi, kiwanja cha shule, njoo na mwanao mdogo mje msome kitabu. Hakuna kiingilio. Uji upo. Nasema uji upo."

Burito alipunguza mwendo wa guta lake la magurudumu matatu alipofika kona ya soko la Kabasa, maana kwenye kona maneno huingia vichochoro viwili kwa mpigo. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine maiki. Nyuma yake, pale ambapo wenye maguta wengine hupakia matofali na magunia, yeye alikuwa na betri ya gari, amplifaya iliyofungwa kwa mpira, na honi mbili za bati zilizotazama kulia na kushoto kama masikio ya punda.

Hiyo ndiyo kazi iliyomjulisha kwa mji mzima wa Bunda. Chanjo ya mifugo, mkutano wa mtaa, mechi ya Jumapili, ng'ombe aliyeonekana akizurura bila mwenyewe, yote yalipitia kinywani mwake. Alijua kwamba unawataja watu kwanza, ndipo siku, kwa sababu mtu akishajua anaitwa yeye ndipo husimamisha ufagio. Alijua kuzima mashine anapokaribia nyumba yenye msiba, apite polepole na kofia mapajani, aiwashe tena akishafika mbali.

Leonardi, muuza samaki aliyekuwa akishusha furu na dagaa wake kutoka Mugango, alimwinulia mkono asimame.

"Hilo la vitabu nimelisikia tangu juzi," Leonardi alisema. "Mimi nitaenda na Sara wangu, japo kusoma kwangu ni kwa kusukuma kama gari bovu. Wewe utaenda na wa kwako?"

"Mimi nitakuwa kazini. Nani atakaa kwenye mashine?"

"Mashine haikuzaa na wewe," Leonardi alisema, akarudi kwa samaki wake.

Burito aliondoa guta. Hakutangaza tena mpaka alipofika barabara ya lami.

Wa kwake aliitwa Happyness, na Happyness alikuwa hasemi naye.

Mtoto huyo alipozaliwa, Burito na mkewe Ghati walikuwa wamepanga chumba kimoja, na bibi Matrida, mama yake Burito, alikuwa ametoka kumzika mumewe kule Mugeta. "Huyu akishaacha ziwa mnipe," bibi alisema, "nyumba isije ikaninyamazia." Wakampa. Mtoto akakulia Mugeta kati ya mahindi na mbuzi, akaijua lugha ya bibi yake kabla ya Kiswahili. Baada ya mwaka mpya alirudishwa Bunda aanze shule ya awali. Mama yake alimzoea upesi, na mdogo wake Isaya, aliyekuwa bado ananyonya, alimzoea siku hiyohiyo. Baba yake hakumzoea. Burito alikuwa akiingia na kusema tu, "Hamjambo humu," mtoto anakwenda kusimama nyuma ya khanga ya Ghati. Akimuuliza jambo, jibu linapitia kwa mama.

"Mama, mwambie chai yake iko mezani."

"Mwambie wewe. Ana masikio."

Mtoto alitikisa kichwa.

"Ni sauti," Ghati alimwambia mumewe jioni hiyo, akimenya viazi. "Wewe hata chumvi unaiombaga kama unatangaza mnada. Nilishakuambiaga, Baba Happy."

"Ndiyo sauti niliyopewa."

"Sijaikataa. Ndiyo inatulisha. Ila huyu katoka kwenye nyumba ya bibi mmoja na mbuzi."

Burito alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Alikuwa na uwezo wa kuita kata nzima ikatoka majumbani, na hakuwa na uwezo wa kumwita mtoto mmoja kutoka upande wa pili wa chumba. Jambo lenyewe lilikuwa dogo mno kumlalamikia mtu, na ndiyo maana lilimkaa moyoni.

Jumamosi kiwanja kilijaa kuliko wenyeji walivyotegemea. Walikuja akina mama na watoto mgongoni, walikuja waendesha bodaboda wamewapakia watoto mbele kwenye tangi, alikuja babu mmoja na kundi la wajukuu ambao hakukumbuka majina yao yote. Mikeka ilitandazwa chini ya maturubai. Mwalimu Ursula, mwanamke mrefu asiyekuwa na haraka, alivileta vitabu kutoka Musoma, akavitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na upepo ukavipeperusha hivyo vikawa kama nguo za watoto zilizoanikwa. Mwezi uliopita alikuwa Mugango. Mwezi ujao angekwenda Butiama. Kila alikopita, alisema, watu walianza kwa kuona aibu na kumaliza kwa kugombania vitabu.

Burito alikuwa ameegesha guta kando ya ukuta wa darasa, maiki tayari mkononi.

"Kaka Burito, asante sana," Mwalimu Ursula alimwambia. "Sasa zima mashine."

"Nizime? Ndiyo kwanza wanafika, Mwalimu."

"Wameshafika. Sasa wanatakiwa wasikilizane wao kwa wao. Mwanao yupi?"

Burito alielekeza kidevu. Ghati alikuwa kwenye mkeka wa mwisho, Isaya akilia kwa meno yanayoota, na Happyness ameshika pindo la khanga. Ghati aliwaona wakitazama, akamwita mumewe kwa mkono. Alipofika, akampa kitabu chembamba chenye picha ya fisi jaladani.

"Mimi nina huyu," alisema, akimbembeleza Isaya. "Wewe una yule."

Burito aliketi. Alikohoa kidogo, akafungua ukurasa wa kwanza, akafanya kile alichokijua.

"Fisi alikwenda kwa Kuku! Akasema, jirani, niazime sufuria yako kubwa! Nina wageni!"

Mikeka yote iligeuka. Mtoto mmoja karibu na uji aliangusha kikombe. Watu walianza kucheka, si kwa ubaya, lakini Happyness alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, na kabla ukurasa haujageuzwa alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya mgongo wa mama yake.

"Nimeharibu," Burito alisema, na hata hilo lilisikika mpaka kwenye kamba ya vitabu.

Aliinuka na kitabu mkononi akarudi kwenye guta lake. Alianza kukunja waya, kisha akauacha. Kutoka pale alimwona Leonardi. Muuza samaki alikuwa amelala chali kwenye mkeka, ameinua kitabu juu ya uso, akisoma silabi kwa silabi: "Pa-ka, a-ka, a-ka-ru... akaruka." Kila neno lilimchukua muda kama mtu anayevuta wavu mzito. Sara, binti yake, alikuwa ameweka kichwa tumboni kwa baba yake, na kila neno lilipofika nchi kavu alicheka. Yule mtu alisoma vibaya kuliko wote uwanjani, na mtoto wake hakutaka kuondoka.

Burito aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu la guta, upande wa ukutani ambako hakuna aliyemwona. Alifungua kitabu cha fisi. Alitaka kujua kama anaweza. Aliisoma sentensi ya kwanza ikamtoka kwa nguvu, akaisoma tena, akaishusha, akaishusha zaidi, mpaka akafika mahali katika koo lake ambapo hakuwa amepita kwa miaka mingi. Sauti ya huko ilikuwa na mikwaruzo.

"Kuku akasubiri. Jumatatu Fisi hakuja. Jumanne hakuja."

Alipotaka kugeuza ukurasa aliona, chini ya guta, upande wa pili, viatu viwili vidogo vya plastiki vya rangi ya waridi.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusoma, na sauti akaipunguza tena, sasa ikawa kama maji yanayoanza kuchemka. Viatu vilisogea. Akaipunguza tena. Viatu vilizunguka gurudumu la mbele, vikasimama, kimoja juu ya kingine.

Maisha yake yote alikuwa akiyatuma maneno yawafuate watu. Hakuwahi kuyaacha yakae mahali pamoja, watu ndio wayafuate.

"Alirudisha?" Happyness aliuliza.

Burito alikiinamisha kitabu upande wake.

"Bado," alisema taratibu. "Hapa Kuku amekwenda kugonga mlango."

"Fisi yumo?"

"Yumo. Ona mkia, chini ya kitanda."

Mtoto alichuchumaa aone mkia. Aliutazama kwa makini, kisha akaitazama picha ya sufuria iliyokuwa pembeni, nyeusi tii.

"Kaiunguza," alisema. "Ndiyo maana anajifichaga."

"Ee, sikuliona hilo."

"Bibi naye aliunguzaga sufuria ya watu. Alisugua na mchanga na majivu mpaka ikang'aa, ndiyo akairudisha."

"Bibi yako hakuniambia."

"Alisema nisimwambie mtu."

Burito aliuma mdomo asicheke. "Sasa huyu fisi, kama hataki kutoka chini ya kitanda, tumfanyeje?"

Happyness alifikiri, uso umekunjamana. Kisha alisimama, akakunja ngumi, akaileta mbele ya mdomo.

"Fisi wa Mugeta, Fisi wa Mugeta, unasikia? Rudisha sufuria ya Kuku. Jumamosi hii, asubuhi. Hakuna kiingilio. Uji upo. Nasema uji upo."

Lilikuwa tangazo la Burito mwenyewe, vilevile lilivyo. Kuanza na mwenye kuitwa, ndipo siku. Kupumua kidogo kabla ya kurudia. Ile "uji" iliyopanda na "upo" iliyoshuka. Kumbe wiki nzima, guta lilipopita nje ya nyumba na yeye akidhani mtoto yuko uvunguni ameziba masikio, mtoto alikuwa akisikiliza neno kwa neno. Burito alicheka mpaka machozi yakamtoka, akicheka bila sauti, mabega tu yakiruka.

Lakini tangazo lilikuwa limefika mbali. Sara alikuja mbio kutoka kwenye mkeka, na nyuma yake watoto wengine, wakitaka kumwona fisi anayetafutwa. Leonardi aliinua kichwa akapaza sauti, "Burito, hiyo ya leo umeajiri mtu?" Watu wakacheka. Happyness aliona macho yote yale yamemgeukia, akatafuta mahali pa kujificha. Ghati na khanga yake alikuwa mbali, upande wa uji. Mtoto alitazama kule, akatazama huku, kisha akaingia chini ya kwapa la baba yake, akabaki humo na jicho moja nje.

Burito hakusogea. Aliogopa hata kupumua kwa nguvu.

Wingu lilitokea upande wa ziwa likiwa limekwisha kuiva. Matone ya kwanza yaliangukia vitabu vilivyo kambani, na Mwalimu Ursula alianza kuvichuma kama mtu anayeanua nguo, na kila mwenye mikono akamsaidia. Siku nyingine yoyote Burito angeruka kwanza kwenye amplifaya. Sasa alimbeba mtoto, kitabu amekitia ndani ya shati, akakimbilia darasani, na alipogeuka mlangoni alimwona Leonardi akiifunika mashine kwa turubai huku akimwonyesha kwa ishara kwamba aende tu.

Darasa lilijaa hadi dirishani. Watu waliketi sakafuni, goti kwa goti, wakinuka mvua na uji. Kisha mvua yenyewe ikashuka juu ya mabati. Waliokuwa wakisoma walisoma midomo tu ikicheza, wakakata tamaa mmoja mmoja. Mwalimu Ursula aliinua mikono, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, akacheka mwenyewe. Ghati aliyekuwa karibu na ubao alimwona mumewe na aliyemshika shingoni, akashusha macho kwa Isaya haraka, kama mtu aliyeingilia chumba cha watu.

Yule babu mwenye wajukuu alimgusa Burito begani, akamsemea sikioni kwa nguvu.

"Wewe ndiye una sauti humu. Simama, tusomee wote."

Ilikuwa kweli. Angeweza. Alishatangaza kwenye mvua kubwa kuliko hii, na nyuso nyingi zilikuwa zimekwisha kumgeukia, zikingoja. Alimwinulia babu mkono kumwonyesha amesikia.

Happyness alikuwa amekitoa kitabu ndani ya shati. Alikifungua palepale walipoishia, Kuku akiwa mlangoni, akakilaza juu ya magoti ya baba yake. Mdomo wake ulisema neno, na Burito akalisoma mdomoni: soma. Halafu mtoto aligeuza kichwa, akaweka sikio lake kifuani pa baba yake, akasubiri.

Burito aliweka kidole chini ya mstari. Alianza kusoma kwa sauti ya chini kabisa, ile ya koo lenye mikwaruzo. Juu ya mabati mvua ilinguruma, na yeye mwenyewe hakusikia hata neno moja alilolisema. Alifika mwisho wa ukurasa, akasita. Mkono mdogo ulinyooka ukaugeuza.