Mama Nella Ukutani

Mdogo wangu Rufus alikuja Sydney kunitembelea kwa wiki tatu, akakaa miaka miwili. Kosa halikuwa lake. Japani ilifunga mipaka kwa ajili ya korona yeye akiwa amekalia sofa yangu hapa Merrylands, anakula chapati zangu, tiketi ya kurudi Osaka ikiwa kwenye simu yake. Mwanzoni nilimhurumia. Lakini ukimhurumia mtu mwaka mzima, naye analala sebuleni ambako ndiko ofisini kwako, huruma nayo huchoka.

Osaka alisomea usanifu wa michoro, zile kazi za nembo, mabango na pakiti za biskuti. Baadaye akajishikiza kwa mzee mmoja aitwaye Kitamura, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora kwenye milango ya chuma ya maduka. Maduka yakifungwa na milango ikishushwa, mtaa mzima unageuka maonyesho. Rufus alinisimulia hayo karibu kila siku, mara nyingi nikiwa katikati ya mkutano wa kompyuta na watu wa bima. Kilichomkera hapa Sydney ni kwamba vijana wanapuliza rangi kwenye kuta za watu na kukimbia. Kule, alisema, kabla hujafungua kopo unapita kwa majirani mmoja mmoja na kiboksi cha peremende, unainama, unaomba radhi kwa usumbufu ambao bado hujausababisha.

Mwezi wa nane mwaka 2021, sisi wa upande wa magharibi tulifungiwa ndani kuliko jiji lote, wanajeshi wakigonga milango kuhakikisha tupo. Ndipo jirani yetu wa chini alipougua. Jina lake Thacienne, Mrundi aliyepitia kambi za Tanzania, mhudumu katika makao ya wazee. Ila hakuna aliyemwita Thacienne. Sote tulimwita Mama Nella, na kila tulipomwita tulimtonesha kidonda, maana Nella mwenyewe alikuwa hamsemeshi.

Msichana aliacha chuo akahamia Perth, upande wa pili wa nchi, na mwanamume ambaye hakuwahi kuja kujitambulisha. Mama akamwambia asikanyage tena mlangoni kwake. Binti akatii, jambo ambalo, kwa maelezo ya mama yake, hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Ilikuwa miaka miwili sasa. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Nella alipiga simu Perth, na kila Jumapili simu iliita hadi ikakatika. Siku ambulensi ilipokuja kumchukua alisimama kwenye ngazi, barakoa usoni, akanisemesha kwa mbali.

"Jacky, mutafute Nella. Mwambie niko hôpital. Usimwambie anipigie. Mwambie tu."

Nilimwandikia Nella. Ujumbe haukufika. Nadhani alikuwa ametuzuia jengo zima.

Hospitali hawakuruhusu wageni wala maua. Balthazar, mwenye duka la vyakula la hapo kona na kiongozi wa kwaya ya kanisa la Mama Nella, hakuvumilia kukaa bila kufanya kitu. Alimwita Rufus, wakasimama umbali wa mita moja na nusu, akamwonyesha ukuta wa ubavuni wa duka lake.

"Wewe si unachora? Mutie Mama Nella pale. Akirudi ajione, ajue tulimuwaza."

Sikuwahi kumwona Rufus akiwa na furaha namna ile tangu aje. Alinunua pakiti za biskuti akazipeleka kwa majirani wote wa ukuta ule, akainama mlango kwa mlango. Mlebanoni wa duka la mikate alidhani ni mtu wa dini fulani, akampa mkate arudi nao nyumbani. Polisi walipomkuta juu ya ngazi aliwaambia yuko kwenye mazoezi. Mmoja aliitazama ngazi, akaitazama rangi, akamkumbusha kwamba mazoezi ni saa moja tu kwa siku. Kwa hiyo Mama Nella alichorwa kwa vipande vya saa moja moja.

Na Rufus alikuwa mwangalifu mno. Mzee Kitamura alimfundisha miiko: uso wa mtu aliye hai usiuchore kwa nyeusi na nyeupe, usiuwekee utepe mweusi, usiuzungushie maua meupe ya krisanthemi, kwa sababu Wajapani huweka hivyo picha ya marehemu. Basi yeye akaenda kinyume kabisa. Alichora uso kwa rangi zote, tabasamu, macho yakitazama juu kidogo. Nyuma akatandaza anga la buluu lenye mawingu meupe, ili ule uchochoro uonekane mpana. Kichwani akamzungushia miali ya mwanga. Kwenye pembe akaweka mawaridi mekundu, na chini, kwa herufi za dhahabu zenye kivuli: ASANTE KWA YOTE, MAMA NELLA. Halafu, kama wanavyofanya wachora mabango wa kwetu Kisumu, akaandika jina lake na namba ya simu.

Alinionyesha kwenye simu. Nilikuwa mkutanoni, nikamwambia ni kali sana. Na ilikuwa kali. Alimpata yule mama hadi lile pengo la meno.

Mtu akapiga picha, akaituma kwenye kikundi cha kanisa. Sasa, mtu yeyote aliyekulia kwetu, awe wa Kisumu, Kigoma au Bujumbura, anaijua picha hiyo kabla hajasoma neno hata moja. Anga, mawingu, mwanga kichwani, mawaridi, tabasamu. Ni tanzia. Tunatumiwa kwenye simu kila wiki, na kilichokosekana hapo ni tarehe tu. Mdogo wangu alikuwa ameukwepa msiba wa Wajapani kwa uangalifu mkubwa, akaingia miguu yote miwili kwenye msiba wa kwetu.

Simu zilianza asubuhi. Brisbane walilia. Adelaide waliuliza wachangie wapi. Dada yake Mama Nella alipiga kutoka Kigoma, na Rufus akamwambia mara nne kwamba dada yake ni mzima, yuko hospitali, ameanza kula. Chini ya ukuta mishumaa iliwashwa. Wanawake wa kwaya walisimama mbalimbali kama sheria inavyotaka, wakaimba na barakoa zao.

"Umeniulia mtu kwenye ukuta wangu," Balthazar alimwambia, na hakuwa anatania.

Rufus aliona aibu hadi akaacha kula chapati zangu. Alinunua ndoo ya rangi nyeupe. Lakini kabla hajaifungua, Mama Nella akaruhusiwa kutoka.

Teksi ilimshusha pale kona kwa sababu yeye mwenyewe aliomba ashukie pale. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Alisimama mbele ya ukuta, mishumaa miguuni pake, akajitazama. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akashikilia ukuta, na mkono wake ukaangukia kwenye shavu lake mwenyewe.

"Nani walipiga?" alimuuliza Rufus.

Rufus akamtajia. Kigoma, Brisbane, Adelaide, na hata Masumbuko, ambaye walinuniana naye tangu uchaguzi wa viongozi wa kwaya.

"Na Nella?"

"Bado, Mama. Kesho asubuhi naifuta, usijali."

"Acha kwanza."

"Mama, watu wanalia."

"Wataniona nikipita, watanyamaza. Perth ni mbali, nouvelles zinachelewa kufika. Acha kwanza."

Niliposikia nilimwambia Rufus huu ni wazimu, na kwamba mtu hapaswi kumnasa binti yake kwa chambo cha namna hiyo. Nilikuwa na hasira kweli. Rufus akaniambia niende nikamwambie mwenyewe. Sikwenda. Ukuta ukabaki, na ndoo ya rangi ikabaki mlangoni kwangu nikijigonga nayo kila siku. Mama Nella alipita pale kila alasiri na fimbo yake, akisalimia waliokuja kumwomboleza, wengine wakishtuka vibaya. Kila mara alimuuliza Rufus swali lile lile, na kila mara jibu lilikuwa bado.

Simu ilikuja siku ambayo hatukuwa tunaifikiria. Rufus alikuwa sofani, nami nilikuwa nimemaliza kazi. Aliiweka kwenye spika kama alivyozoea kwa namba asizozijua.

"Wewe ndio yule guy wa ukuta?" Sauti ya msichana, kavu. "It's Nella. Burial ni lini?"

Rufus alinitazama. Nikatikisa kichwa, na mpaka leo sijui nilimaanisha nini.

"Hello? Nimeanza ku-apply permit ya kuvuka border. Wanataka date. Bila date hawaangalii hata application."

"Nella," Rufus akasema, "mama yako ni mzima. Alitoka hospitali. Yuko hapa chini. Mimi ndiye niliyekosea, niliweka mawingu."

Tulisikia pumzi yake.

"Ni yeye alikuambia ufanye hivyo?"

"Hapana."

"Okay," akasema Nella, na simu ikakatika.

Tulisubiri tusikie simu ikiita kule chini. Kuta zetu ni nyembamba, tungeisikia. Haikuita. Jioni ilipoanza kuingia Rufus akavaa barakoa akashuka, nami nikamfuata, kwa sababu namjua, hajui kusema jambo kwa kulizungusha.

Mama Nella alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anachambua maharagwe kwenye sinia.

"Mama, Nella amepiga."

Mikono ikasimama. "Amesema nini?"

"Aliuliza mazishi ni lini."

Nilitaka kumfinya. Mama Nella hakubadilika uso.

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba uko mzima. Akakata."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akaokota jiwe dogo katika maharagwe, akalitupa. Kisha akauliza, "Siku ya mazishi aliitakia nini?"

"Permit. Alikuwa anaomba kibali cha kuvuka mpaka wa jimbo. Walitaka tarehe."

"Alikuwa anaomba, ama alisema ataomba?"

"Alikuwa ameshaanza, Mama."

Mama Nella aliweka sinia chini. Alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika, na sisi tukasimama mbali tulivyoamriwa, bila wa kumshika. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Kaifute, mwanangu," akamwambia Rufus. "Alikuwa anakuja."